Kifafa ni Maradhi ya Ubongo, Wala Si Aibu ya Mtu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa wa Uchindile, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, baada ya sala ya Alasiri. Tunaichapa ili wasomaji wa sehemu nyingine nao wafaidike.)





Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukusanyika katika nyumba Yake, na namtakia rehema na amani Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Nimeombwa niseme machache juu ya ubongo wa mwanadamu na jinsi unavyoongoza mwenendo wake na afya ya akili yake, kwa kuwa nimefanya kazi ya utabibu vijijini kwa miaka mingi hata nikastaafu. Jambo hili ni pana, wala halimaliziki kwa saa moja. Basi nimechagua mlango mmoja wa kuliingilia, nao ni maradhi ya kifafa. Nimeyachagua kwa sababu maradhi haya yanatufunulia kazi za ubongo kuliko maradhi mengine mengi. Na pia kwa sababu ya tukio moja ambalo limenikosesha raha.

Katika msikiti mmoja wa bonde hili, ambao si huu, kijana mmoja alianguka katika safu wakati wa sala. Alikakamaa, akatetemeka, povu likamtoka mdomoni, na kanzu yake ikalowa. Waliokuwa karibu naye walirudi nyuma. Mmoja akapaza sauti kwamba mtu yeyote asiguse povu lile. Alipozinduka alijikuta peke yake katikati ya msikiti, na watu wamesimama mbali wakimtazama. Hakuna aliyempa mkono kumwinua. Siku ile ile mkeka alioangukia ulitolewa nje ukachomwa moto. Tangu siku hiyo kijana yule hajarudi kusali pamoja na wenzake.

Ndugu zangu, nataka tujiulize: ni nani hasa aliyekuwa na kosa siku ile? Yule aliyeanguka, au sisi tuliosimama?

UBONGO NA KAZI ZAKE

Ndani ya fuvu la kichwa Mwenyezi Mungu ameweka kiungo laini chenye uzito wa kadiri ya kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu kwa mtu mzima. Kwa uzito, ni sehemu kama 2 tu katika 100 za mwili. Lakini mwili ukiwa umepumzika, kiungo hicho peke yake hutumia kama 20 katika kila 100 ya nguvu zake. Ndani yake zimo chembe za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Kila chembe huunganika na maelfu ya chembe nyingine, nazo hupelekeana habari kwa njia ya umeme mdogo sana na kwa njia ya kemikali zinazopita kutoka chembe moja kwenda nyingine.

Umeme huo si maneno ya kubuni. Mwaka 1924 tabibu Mjerumani, Hans Berger, alifaulu kuupima kwa kuweka vipokeo juu ya kichwa cha mtu, na mwaka 1929 akaitangaza kazi yake. Leo kipimo cha namna hiyo hufanyika katika hospitali kubwa, na mtu hapasuliwi wala hapati maumivu.

Sehemu za ubongo zimegawana kazi, ingawa zinasaidiana. Nyuma ya paji la uso ipo sehemu ya kupima mambo, kupanga na kujizuia. Ndani zaidi, usawa wa panja, kipo kiini kidogo chenye umbo la lozi ambacho huamka upesi mtu anapoona hatari, kikaupigisha moyo mbio na kuitayarisha miguu kukimbia. Jirani yake ipo sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya. Nyuma kabisa ya kichwa ipo sehemu ya kuona.

Tukiyajua haya, mambo mengi ya kila siku yanaeleweka. Mtu aliyekasirika hutamka neno ambalo saa moja baadaye hujuta kulitamka, kwa kuwa sehemu ya hasira na hofu imetangulia, na ile ya kujizuia imechelewa. Ndiyo maana mafundisho ya Mtume s.a.w. kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, na ikizidi alale, yana hekima kubwa: yanaupa ubongo muda wa kutulia. Kijana wa miaka 16 huthubutu mambo ambayo baba yake hathubutu, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya paji la uso haikomai mpaka mtu apite miaka 20 na zaidi. Mtoto asiyelala vizuri husahau somo la chuoni, kwa maana ni usingizini ndipo ubongo hupanga na kuimarisha yale aliyojifunza mchana. Na mwenye huzuni iliyodumu majuma mengi, asiyekula, asiyelala, asiyeona raha katika jambo lolote, huyo mara nyingi hakupungukiwa imani. Ana maradhi yaitwayo sonona, nayo yana tiba kama malaria ilivyo na tiba.

KIFAFA NI NINI?

Ninyi mnaishi kando ya reli ya TAZARA, basi nitatumia mfano mnaoujua. Garimoshi halitoki stesheni mpaka liruhusiwe. Moja likipita, jingine husubiri. Kwa utaratibu huo magari mengi hutumia njia moja bila kugongana. Ubongo nao una chembe zinazoruhusu na chembe zinazozuia. Kifafa hutokea pale kizuizi kinaposhindwa kwa muda, na chembe nyingi zikatoa umeme wao kwa pamoja. Dhoruba hiyo ikienea ubongo mzima, mtu hupoteza fahamu, huanguka, hukakamaa na kutetemeka. Baada ya dakika moja au mbili chembe huchoka, dhoruba hutulia, na mtu huamka akiwa mchovu, ana maumivu ya kichwa, wala hakumbuki lililopita.

Lakini si kila kifafa huangusha. Dhoruba ikibaki katika sehemu moja ya ubongo, dalili zake hufuata kazi ya sehemu ile. Ikiwa ni sehemu ya mkono, mkono peke yake hutetemeka. Ikiwa ni usawa wa panja, mtu aweza kushikwa na hofu kubwa isiyo na sababu, akasikia harufu ambayo wengine hawaisikii, akatafunatafuna mdomo mtupu, akachezea vifungo vya shati lake, au akaondoka na kutembea bila kujua aendako. Watu husema amepagawa. Wapo pia watoto ambao hukodoa macho kwa sekunde chache wasisikie wanaloitwa, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nawaomba walimu wa shule na wa chuo wanisikilize hapa: baadhi ya watoto tunaowachapa kwa kutosikiliza, hawakuacha kusikiliza kwa ukaidi. Kwa sekunde zile hawakuwepo.

Haya yanatufundisha jambo zito. Kama dhoruba ndogo ya umeme katika sehemu moja ya ubongo yaweza kuleta hofu, harufu au mwendo ambao mwenyewe hakuutaka, basi tuwe waangalifu sana kabla hatujahukumu mwenendo wa mtu kuwa ni uovu wake.

KIFAFA KATIKA ARDHI YETU

Labda mtu atasema kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Habari zenyewe ziko jirani nasi. Kutoka hapa mtu huteremka kwa reli hadi Mlimba, akaendelea hadi Ifakara, na pale akivuka mto Kilombero kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018 hupanda milima ya Mahenge, wilaya ya Ulanga. Huko Mahenge ndiko ulimwengu ulikojifunza sehemu kubwa ya unayoyajua juu ya kifafa cha vijijini Afrika.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika huko daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Aliwakuta miongoni mwa ndugu zetu Wapogoro watu wengi mno wenye kifafa. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto, kwa kuwa walianguka katika mafiga na hakuna aliyethubutu kuwaokoa. Watu waliamini kwamba mate, mkojo na hata pumzi ya mgonjwa aliyeanguka huambukiza. Kwa hiyo mgonjwa alikula peke yake, alilala peke yake, na mara nyingi alikufa peke yake. Mwaka 1960 daktari huyo alifungua kliniki ya kifafa pale Mahenge, akaanza kuwapa wagonjwa fenobabitoni, dawa ya bei ndogo ambayo ilikuwa imekwisha kutumika duniani tangu mwaka 1912.

Matokeo yake yaliandikwa. Wagonjwa 164 walifuatiliwa kwa muda wa miaka 30, na taarifa ikachapwa mwaka 1992 na daktari huyo pamoja na daktari mwenzake wa Kitanzania, Rwiza. Walipopata dawa, zaidi ya nusu yao waliacha kabisa kuanguka, na wengi wa waliobaki walipata nafuu. Lakini habari ya pili ni ya kusikitisha: katika kipindi hicho cha miaka 30, wagonjwa 110 kati yao walifariki, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe, yaani kuanguka mfululizo bila kuzinduka, kuzama majini na kuungua moto. Habari hizo mbili hazipingani. Dawa huokoa inapotumika. Mgonjwa asipoipata, au akiachwa peke yake karibu na moto na maji, hatari hurudi.

Mwaka huo huo wa 1992 ilichapwa taarifa nyingine. Watafiti walipita katika vijiji 11 vya wilaya ya Ulanga, wakahesabu watu 18,183, na kuwakuta wenye kifafa 207. Waliokuwa bado wanaanguka au wanatumia dawa walikuwa wastani wa 10 katika kila watu 1000. Hata hivyo vijiji havikulingana: kimoja kilikuwa na watu 5 katika 1000, na kingine 37. Duniani kwa jumla idadi huwa kati ya 4 na 10. Basi ikaulizwa: kuna nini katika vijiji vile?

Daktari Jilek-Aall alikuwa ameona pia jambo la ajabu. Baadhi ya watoto, kabla hawajaanza kuanguka, huinamisha kichwa mara kwa mara kama asinziaye, hasa wanapokula au wanapopata baridi. Aliliandika jambo hilo katika miaka ya 1960. Miaka mingi baadaye ugonjwa kama huo ukaonekana Sudan Kusini, na kisha kaskazini mwa Uganda, katika sehemu za Kitgum na Pader, ambako watoto kwa maelfu walipatwa. Mataifa yaliposhtuka, Mahenge ilikuwa imekwisha kujua kwa miaka 50.

MTO, INZI NA MNYOO

Sehemu hizo zote zina jambo moja linalofanana: mito iendayo kasi, na ugonjwa wa usubi. Usubi huletwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana katika maji yaendayo mbio, ambao huuma mtu mchana na kumwingizia mnyoo. Mnyoo mkubwa huishi chini ya ngozi miaka 10 na zaidi, na huzaa vijiminyoo vingi vinavyosambaa mwilini. Sote tunajua kwamba usubi huwasha ngozi na kupofusha macho. Lakini sasa imedhihirika kwamba mahali ambapo watoto wana vijiminyoo vingi, hapo ndipo kifafa huwa kingi. Wataalamu bado wanajadiliana ni kwa njia gani hasa ubongo hudhurika, ila uhusiano wenyewe umeonekana katika nchi nyingi.

Mwaka 2017 watafiti wa Kitanzania na wenzao walirudi Mahenge. Katika vijiji vya Mdindo na Msogezi walikuta wenye kifafa wapatao 35 katika kila watu 1000, ingawa dawa ya usubi, Mectizan, ilikuwa imegawiwa huko kwa miaka 20. Sababu moja ni kwamba si wote walioimeza. Dawa hii huua vijiminyoo, lakini haiui mnyoo mkubwa. Kwa hiyo ni lazima imezwe kila inapogawiwa, kwa miaka mingi, na kila anayestahili. Tangu mwaka 2019 ikaanza kugawiwa mara mbili kwa mwaka katika sehemu zile, na utafiti uliochapwa mwaka 2023 ukaonyesha kwamba wagonjwa wapya wa kifafa walipungua sana.

Tazameni basi, ndugu zangu. Jambo ambalo babu zetu waliliita laana ya ukoo, kumbe sehemu yake kubwa ilitoka katika mto, ikaletwa na inzi, na yaweza kuzuiwa kwa vidonge vinavyotolewa bure. Mgawa dawa anapofika mlangoni na fimbo yake ya kupimia urefu, tusimkimbie, wala tusiamini uvumi kwamba dawa ile hupunguza uzazi. Asiyepaswa kuimeza ni mtoto mdogo ambaye hajafikia alama ya chini ya fimbo, mjamzito, mama aliyejifungua siku chache zilizopita, na mgonjwa mahututi. Waliobaki wote wameze.

Ziko sababu nyingine pia za kifafa. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa aweza kukipata. Kwa hiyo mama ajifungulie mahali penye mkunga aliyefunzwa. Malaria ikipanda kichwani huacha jeraha katika ubongo. Kwa hiyo degedege si ndege wala shetani, bali ni mtoto wa kukimbizwa kituoni saa ile ile. Jeraha la kichwa katika ajali ya pikipiki nalo huleta kifafa. Na ipo minyoo ya tegu wa nguruwe. Hapa Mwislamu asijione yuko salama kwa kuwa hali nyama ile. Mayai ya mnyoo huo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakafika kwenye mboga, maji na mikono. Na anayeyameza, awe wa dini yoyote, vijiminyoo vyake vyaweza kufika ubongoni. Choo na kunawa mikono ni kinga ya ubongo.

DINI INASEMAJE?

Ndugu wengine huuliza: je, tukisema kifafa ni maradhi ya ubongo, hatuikani imani yetu juu ya mambo ya ghaibu? La hasha. Mwislamu anaamini ghaibu. Lakini hakuamrishwa kuita kila asilolijua kuwa ni jini. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi bila kuteremsha tiba yake, na akatuhimiza tutafute tiba. Nao wanazuoni wetu wa kale hawakuogopa kutafuta. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikieleza kifafa katika kitabu chake cha tiba miongoni mwa maradhi ya kichwa na ubongo.

Ipo pia habari iliyopokewa na Ibn Abbas r.a., ambayo wengi wetu twaijua lakini hatuizingatii. Mwanamke mmoja mweusi alikuja kwa Mtume s.a.w. akalalamika kwamba huanguka kifafa na nguo zake humfunuka. Mtume s.a.w. alimpa hiari: akisubiri atapata Pepo, au akitaka ataombewa apone. Mwanamke akachagua subira, ila akaomba aombewe asifunuke nguo, naye akamwombea. Na Ibn Abbas r.a. alimwonyesha kwa mwanafunzi wake kama mwanamke wa Peponi.

Tuangalie adabu iliyomo humo. Mtume s.a.w. hakumkimbia. Hakumwambia atengwe. Hakumuuliza ametenda dhambi gani, wala ukoo wao una nini. Alimsikiliza, na haja yake ya heshima akaichukulia kuwa ni haja kubwa. Bibi yule alihofia aibu kuliko kuanguka kwenyewe. Hata leo, mwulizeni mwenye kifafa kinachomwumiza zaidi. Hatawatajia kuanguka, atawatajia macho ya watu.

Nami sisemi haya kama mtu aliyetakasika. Nyumbani kwetu, nilipokuwa mtoto, palikuwa na kikombe kimoja cha bati ambacho hatukukigusa. Kilikuwa cha shangazi yangu. Alikula baada ya wote, na mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea chakula, nikakiweka mlangoni na kukimbia. Nilikuja kusoma utabibu, nikafundishwa kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa mkojo, wala kwa kula sahani moja. Siku hiyo nililia, maana shangazi alikuwa amekwisha kufariki. Hata leo sijapata njia ya kumlipa.

LA KUFANYA

Sasa nisemeni yale ambayo kila mmoja wetu aweza kuyafanya, na nawaomba myashike vizuri.

Kwanza, mtu akianguka, msimkimbie. Ondoeni karibu naye moto, jiwe na kila kinachoweza kumjeruhi. Wekeni kitu laini chini ya kichwa chake, mlegezeni nguo shingoni, na mtetemeko ukipungua mlazeni ubavu ili mate yatoke na apumue. Msimkandamize. Msimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Hawezi kuumeza ulimi wake, ila kijiko huvunja meno. Msimpe maji wala dawa mpaka azinduke kabisa. Mfunikeni nguo yake ikifunuka, na kaeni naye mpaka ajitambue. Ikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mpelekeni kituo cha afya bila kuchelewa.

Pili, mgonjwa apelekwe hospitali mapema. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba duniani wapo watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini katika nchi maskini, robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba wanayohitaji. Dua isomwe, nami naamini nguvu ya dua. Ila dua na kidonge si maadui. Yule anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ndipo amsomee, anacheza na roho ya mtu.

Tatu, dawa isikatizwe. Hili ndilo kosa linalowaua wengi. Mgonjwa akikaa miezi 6 bila kuanguka hudhani amepona, akaacha ghafla. Kisha dhoruba hurudi kwa nguvu zaidi. Mama mjamzito naye asiache kwa kujiamulia, bali amwone daktari mapema, maana zipo dawa zinazofaa na zisizofaa kwa mtoto aliye tumboni. Na katika mwezi wa Ramadhani, mwenye kifafa amwulize daktari kabla ya kufunga. Kuna dawa ambazo humezwa mara moja usiku, na mgonjwa aliyetulia aweza kuruhusiwa. Lakini ambaye daktari amemzuia, huyo ameruhusiwa na Mola wake kutofunga. Na ambaye hawezi kulipa siku nyingine, kuna fidia ya kumlisha maskini. Asijione mnyonge wa imani.

Nne, mgonjwa asitengwe. Mtoto mwenye kifafa apelekwe shule na chuo. Kijana apewe kazi, ila asipande juu ya miti, asivue samaki peke yake mtoni, na asiendeshe pikipiki mpaka daktari aseme. Jikoni mafiga yainuliwe au yazungushiwe udongo. Binti mwenye kifafa anaolewa na anazaa, na watoto wengi wa wazazi wenye kifafa hawana kifafa. Na tukumbuke kwamba wagonjwa hawa hupatwa mno na sonona kwa ajili ya upweke. Upweke huo tunautengeneza sisi, basi na dawa yake iko mikononi mwetu.

Mwisho, narudi kwa kijana wa mkeka. Mama yake aliniruhusu niieleze habari hii bila kutaja jina wala msikiti. Aliniambia kwamba mwanawe hutawadha kila adhana inaposikika, kisha husali ndani ya chumba chake. Nilimwuliza kwa nini harudi msikitini. Akajibu, "Anaogopa kuwachomea watu mkeka mwingine."

Ndugu zangu, maneno hayo yasitutoke. Huenda hata katika msikiti huu wapo ambao hawaji kwa sababu kama hiyo. Nyumba zao tunazijua. Nawaomba wazee wawili watatu waende, si kuwaangalia kama wagonjwa, bali kuwachukua kama ndugu. Na siku mmoja wao akija, jamaa wasimpishe nafasi pana kwa hofu. Asimame katika safu bega kwa bega na wenzake kama Sharia ilivyotuamrisha. Na akianguka, walio kuliani na kushotoni kwake wamlaze ubavu, wamfunike nguo, wakae naye; akizinduka watamsaidia kutawadha upya na kusali. Mkeka utafuliwa kwa maji.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, alaze mahali pema wale waliokufa wakiwa wametengwa, na atusamehe sisi tuliowatenga kwa kutokujua. Na baada ya leo asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaojua na wasitende. Amin.